Pau Zinazochora Mstari Mnyoofu: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Modeli za Hisabati kwa Mkono

Duara hulichora mtoto yeyote: msumari, uzi na kipande cha chaki, basi. Mstari mnyoofu je? Utasema, chukua rula. Lakini rula hiyo ilinyooshwa kwa kitu gani? Kwa rula nyengine, nayo ilinyooshwa kwa nyengine iliyoitangulia. Duara tunalizaa wenyewe, ila mstari tunaunakili tu. Swali la kuwapa wanafunzi, basi, ni hili: tukiunganisha pau chache kwa bolti, kila moja ikizunguka tu kwenye kiungo chake, tunaweza kuifanya penseli itoke hapo na mstari ulionyooka kweli?

James Watt alipata jibu la kukaribia mwaka 1784, kwa sababu mashine zake za mvuke zilihitaji fimbo ya pistoni ipande na kushuka bila kupinda. Jibu kamili lilikuja miaka 80 baadaye, mwaka 1864, kutoka kwa Charles-Nicolas Peaucellier, ofisa wa jeshi la Ufaransa. Lipman Lipkin, mwanahisabati kutoka Lithuania, akalifikia kwa njia yake mwenyewe mwaka 1871. Mainjinia walihangaika muda wote huo, na leo sababu yake yote inafahamika kwa Kanuni ya Pythagoras na pembetatu zinazofanana, mambo ambayo mtoto wa sekondari hapa Unguja na Pemba anayo tayari kwenye daftari lake. Kinachokosekana ni kitu cha kushika mkononi. Mwongozo huu ni wa kukitengeneza kitu hicho.

Pau 10 na ubao mmoja

Modeli kuu zote zilizomo humu zinatoka kwenye fungu moja la pau. Kata pau 2 za sentimita 30, 2 za sentimita 25, 4 za sentimita 15, moja ya sentimita 10 na moja ya sentimita 8. Vipimo hivyo ni vya kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la pili. Mbao yenyewe iache sentimita 1 nje ya kila tundu, kwa hiyo upau wa 25 unakatwa 27. Upana wa sentimita 2 unatosha. Fito yenye urefu wa mita 2 na robo itatoa pau zote, pamoja na kinacholiwa na msumeno.

Namba 15 na 25 nimezichagua kwa sababu zinakwenda na 20: pembetatu yenye pande 15, 20 na 25 ni pembetatu mraba, na utaikuta imejificha ndani ya karibu kila modeli hapa chini.

Kwa pau, plaiwudi ya milimita 4 ndiyo nzuri kuliko vyote. Haipasuki unapotoboa karibu na ncha, na haipindi ovyo. Karakana yoyote ya seremala, iwe Mwanakwerekwe au Chake Chake, ina mabaki yanayofaa. Ukitumia mbao ya kawaida, kata kwa kufuata nyuzi zake. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na mbao inapovimba wakati wa masika hutanuka kwa upana. Kwa urefu wa nyuzi haibadiliki kiasi cha kuonekana, na sisi tunachohitaji ni urefu tu. Mafundi wa madirisha nao hubakiwa na vipande vya alumini bapa ambavyo vinadumu zaidi, ila vinataka tupa na subira. Boksi la katoni linafaa kwa majaribio ya kwanza peke yake. Matundu yake hulegea haraka, na modeli iliyolegea inafundisha uongo.

Viungo ni bolti za milimita 4 zenye urefu wa sentimita 3, kila moja na nati mbili. Ukipata za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu, chukua hizo, maana chumvi ya bahari haimsamehi mtu. Washa, yaani visahani vyembamba vyenye tundu vya kukaa kati ya upau na upau, zikate kwenye dumu la mafuta ya kupikia: plastiki yake ni nyembamba na inateleza vizuri. Utahitaji pia ubao wa chini wa plaiwudi nene, sentimita 60 kwa 40, karatasi kubwa nyeupe za kubandika juu yake, rula ya chuma, msumari uliochongwa ncha, msasa, na drili yenye kekee ya milimita 4. Asiye na drili ya umeme atumie keke ya upinde kama mafundi wa majahazi. Kwa kazi ndogo kama hii inatoboa kwa utulivu hata kuliko ya umeme.

Hesabu inakaa kati ya tundu na tundu

Hapa ndipo modeli inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo soma sehemu hii kabla hujagusa msumeno. Unaweza kuzipaka rangi pau zako, kuzichonga ncha za mviringo, kuzipiga vanishi. Hakuna linaloongeza chochote kwenye hisabati. Hisabati yote imo katika umbali wa tundu na tundu.

Jambo la kulielewa mapema ni kwamba usawa una uzito kuliko kipimo. Pau mbili za 25 zikitoka zote 24.8, modeli itafanya kazi na mstari utanyooka. Utasogea mahali pake kidogo, basi. Lakini moja ikiwa 25 na mwenzake 24.8, mstari utapinda na hutajua kwa nini. Kwa hiyo pau za urefu mmoja hutobolewa pamoja, hazitobolewi moja moja.

Zipange pau za urefu mmoja zirundikane, ziwe sawasawa kingo zote, kisha zifunge kwa utepe wa karatasi wa kunata au zibane kwenye jiliwa. Juu ya upau wa juu kabisa piga mstari wa katikati kwa urefu wake, uweke alama ya tundu la kwanza, ubonyeze kwa ncha ya msumari ili kekee isikimbie. Weka kipande cha mbao mbovu chini yake. Toboa wima mpaka chini. Sasa pitisha bolti kwenye tundu hilo, kaza, ndipo upime la pili kutoka katikati ya la kwanza na kutoboa rundo lote kwa mkupuo mmoja. Fanya hivyo kwa pau 4 za 15, kisha 2 za 25, kisha 2 za 30. Pau za 30 na upau wa 10 zinataka tundu la tatu katikati kabisa: sentimita 15 kwa zile ndefu, sentimita 5 kwa hii fupi.

Drili iliyoinama inatoa tundu ambalo juu lina kipimo kimoja na chini chengine. Mwombe mtu akae upande na kukuangalizia wima. Mtoboaji mwenyewe haoni.

Kufunga kiungo: bolti, washa ya plastiki kati ya kila upau na upau, nati ya kwanza ikazwe mpaka iguse, irudishwe nyuma robo mzunguko, kisha nati ya pili ikazwe juu yake huku ya kwanza imeshikwa. Nati mbili zikibanana hazifunguki, na kiungo kinazunguka kwa uhuru. Inua upau mmoja kwa kidole: unatakiwa uanguke kwa uzito wake wenyewe, bila kucheza kushoto na kulia. Ukicheza, tundu ni kubwa. Badilisha upau, usijaribu kuziba.

Anza na cherehani

Modeli ya kwanza ni rahisi na haichukui muda. Cherehani ya miguu ni pau nne: kanyagio linaloyumba, fimbo inayopanda, mkono wa gurudumu unaozunguka, na fremu iliyosimama ambayo nayo inahesabiwa kuwa upau. Ijenge kwenye ubao: upau wa 8 uwe mkono wa kuzunguka, wa 25 uwe fimbo, wa 15 uwe kanyagio. Egemeo la wa 8 na egemeo la wa 15 viwe na umbali wa sentimita 20.

Zungusha wa 8. Unamaliza duara zima huku wa 15 ukienda na kurudi. Sasa sogeza maegemeo yawe na umbali wa sentimita 16, uzungushe tena. Unakwama. Pau ni zile zile, hakuna kilichovunjika. Sababu iliwekwa wazi na mhandisi Mjerumani Franz Grashof: upau mfupi kabisa ukijumlishwa na mrefu kabisa, jumla isizidi ile ya wawili waliobaki. Mara ya kwanza 8 + 25 ni 33, na 15 + 20 ni 35, kwa hiyo unazunguka. Mara ya pili 33 inakabiliana na 31. Waachie wanafunzi watafute wenyewe umbali ambao kukwama kunaanza; wapo watakaoupata kwa kusogeza msumari, na wapo watakaoupata kwa kalamu kabla ya kuugusa ubao.

Onyesha pia ile sehemu ambapo fimbo na mkono vinalala kwenye mstari mmoja. Hapo ukisukuma kanyagio, gurudumu halijui liende upande gani, na ndiyo maana fundi cherehani huligusa gurudumu kwa mkono anapoanza.

Pantografu, kwa ajili ya nakshi

Christoph Scheiner, kasisi Mjerumani, alibuni chombo hiki mwaka 1603, na hapa Zanzibar kina kazi ya kweli: kukuza mchoro. Chukua pau mbili za 30 uziunganishe ncha kwa ncha. Kiungo hicho tukiite A. Ncha ya mbali ya upau wa kwanza ndiyo O, ifunge kwenye ubao. Ncha ya mbali ya upau wa pili iwe P, weka penseli. Sasa chukua pau mbili za 15. Moja ianzie tundu la katikati la upau wa kwanza, nyengine tundu la katikati la upau wa pili, zikutane kwenye nukta C. Hapo C weka msumari butu wa kufuatishia mchoro.

Pau zote mbili fupi pamoja na nusu mbili zinazopakana na A zinafanya msambamba ambao hauvunjiki hata uusukume vipi. Kwa sababu hiyo O, C na P hukaa kwenye mstari mmoja daima, na OP ni mara mbili ya OC. Pitisha C juu ya ua la yungiyungi ulilolinakili kutoka kwenye mfaa wa mlango wa Mji Mkongwe, na P italichora mara mbili ya ukubwa wake. Ukitaka mara tatu, toboa matundu mapya sentimita 10 kutoka O kwenye upau wa kwanza na sentimita 10 kutoka A kwenye upau wa pili. Kisha upau unaotoka upande wa O uwe wa 10 na ule unaotoka karibu na A uwe mpya, wa 20.

Mafundi wa milango wana jicho lao na hawahitaji chombo hiki. Lakini mtoto wa fundi akikiona, anagundua kwamba pembetatu zinazofanana alizozichora ubaoni zina uhusiano na kazi ya nyumbani kwao, na kwangu hilo ni sababu tosha ya kuitengeneza.

Mstari wa kukaribia wa Chebyshev

Pafnuty Chebyshev, mwanahisabati wa Urusi, aliutumia muda mwingi wa maisha yake kwenye pau na viungo. Modeli yake ninayoipenda ina pau tatu tu na inatumia uwiano wa 4, 5 na 2.

Weka maegemeo mawili, A na B, kwa umbali wa sentimita 20, mstari wa AB ukiwa mlalo. Funga upau mmoja wa 25 kwenye A na mwengine kwenye B. Zivuke zikatane: wa A uelekee kulia, wa B uelekee kushoto. Ncha zao za juu ziunganishwe kwa upau wa 10, na penseli ikae kwenye tundu la katikati la upau huo. Pau mbili za 25 zinapishana, kwa hiyo moja iwe tabaka la chini na nyengine la juu, na upau wa 10 uwe kati yao au juu ya zote mbili kwa msaada wa washa.

Sukuma upau wa 10 polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Penseli itachora mstari mlalo wa sentimita 20, kutoka juu ya A hadi juu ya B.

Kabla ya kuwaambia chochote, waulize wanafunzi urefu wa penseli kutoka AB pau zikiwa zimesimama katikati. Ncha ya upau wa A ipo sentimita 15 kulia kwa A, upau wenyewe ni 25, kwa hiyo urefu ni 20. Halafu sogeza mpaka penseli iwe juu ya B kabisa. Sasa upau wa 10 umesimama wima. Ncha yake ya juu iko 25 juu ya B, ya chini iko 15, na katikati yake ni 20. Ncha hiyo ya chini ndiyo ya upau wa A: 20 kwa mlalo, 15 kwa wima, 25 kwa mshazari. Pembetatu ile ile imelala ubavu. Upande wa A ni hivyo hivyo. Nukta tatu, urefu mmoja, bila kikokotoo.

Na baina ya nukta hizo? Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na mwalimu asiufiche. Penseli hupanda kidogo juu ya 20. Kwa vipimo hivi kosa halifiki hata milimita moja. Kubwa kabisa ni kama nusu milimita. Jicho linasema mstari, hesabu inasema hapana. Wanafunzi wenye bidii wakokotoe urefu pale ncha ya upau wa A ikiwa sentimita 19 kulia kwa A, nao watapata takriban 20.05. Hapo wanaelewa kwa nini watu waliendelea kutafuta.

Mstari kamili wa Peaucellier

Hii ndiyo modeli ambayo fungu zima la pau lilikuwa likiisubiri. Pau 7: mbili za 25, nne za 15, na moja ya 8.

Pau nne za 15 zinafanya rombasi yenye pembe A, C, B, D kwa mpangilio huo wa kuzunguka. Pau mbili za 25 zinatoka kwenye egemeo moja, O, na kufika A na B. Pembe C inatazama O. Pembe D iko upande wa mbali, na ndiyo yenye penseli. Upau wa 8 unatoka kwenye egemeo jengine, Q, na kushika C.

Weka O kwenye ubao, sentimita 5 kutoka ukingo wa kushoto, katikati ya upande wa sentimita 60. Sasa usipime Q kwa rula. Chukua upau wa 8 wenyewe, tia tundu lake moja kwenye bolti ya O, uelekeze kulia kwa mlalo, ubonyeze msumari kupitia tundu la pili. Alama hiyo ndiyo Q. Kwa njia hii OQ na QC ni sawa kabisa hata kama upau wako si 8 barabara, na usawa huo ndio roho ya chombo chote.

Matabaka yanawashinda wengi, kwa hiyo yafuate kama yalivyo. Upau wa 8 uko chini kabisa, tabaka la 1, na skrubu yake ya Q iwe na kichwa bapa kilichozama ndani ya mbao, maana pau ndefu zitapita juu yake. Tabaka la 2 ni OA na DB. Tabaka la 3 ni OB na CA. Tabaka la 4 ni DA na CB. Pale penye pengo jaza washa: kwenye O chini ya OA, kwenye C tabaka la 2, kwenye D tabaka la 3. Ukiyafuata haya, hakuna upau unaogongana na mwenzake. Kwenye D panua tundu liwe sawa na unene wa kalamu ya mviringo, na kalamu yenyewe iwe bolti. Washa moja chini ya Q itaunyanyua upau wa 8 kidogo ili kichwa cha bolti ya C kisikwaruze karatasi.

Shika C, izungushe kuzunguka Q juu na chini. D itachora mstari wima, sentimita 25 kutoka O, wenye urefu wa karibu nusu mita. Usizifikishe pau mwisho kabisa ambapo rombasi inajifunga, simama kabla.

Sasa sababu. Iandike ubaoni huku modeli ikiwa mbele yao. Chora M, katikati ya CD, mahali ambapo mishazari ya rombasi hukatana kwa pembe mraba. O, C, M na D ziko kwenye mstari mmoja kwa sababu pande mbili za modeli ni sawa. OC ni OM toa MC. OD ni OM jumlisha MC. Zao lao ni mraba wa OM toa mraba wa MC. Lakini kwa Pythagoras mraba wa OM ni 625 toa mraba wa AM, na mraba wa MC ni 225 toa mraba huo huo wa AM. Ukitoa, AM inafutika:

OC × OD = 625 − 225 = 400

Daima, popote utakapoisogeza. C ikikaribia O, D inakimbia mbali. C ikienda mbali, D inarudi. Pumzika hapo uwaachie waipime kwa rula, mahali tofauti tofauti, wazidishe. Namba 400 ikiendelea kurudi, hata yule asiyependa hisabati huinua kichwa.

Kilichobaki ni hatua moja. C inazunguka Q kwenye duara linalopita O, na kipenyo chake ni 16. Ncha ya kipenyo hicho iite E. Pembe OCE imo ndani ya nusu duara, kwa hiyo ni pembe mraba. Kwenye mstari wa OE uliorefushwa weka F, sentimita 25 kutoka O, kwa sababu 16 × 25 nayo ni 400. Basi OC × OD ni sawa na OE × OF, pembetatu OCE na OFD zinafanana, na pembe ya F ni mraba pia. D haina pengine pa kukaa ila kwenye mstari uliosimama wima juu ya F. Hakuna kukaribia hapa. Ukiona mchoro umepinda, kosa ni la matundu na kamwe si la hesabu.

Kuutafuta ugonjwa

Mchoro ukiwa tao safi, angalia OQ na QC. Upau wa 8 ukiwa 8.2 huku OQ ni 8, duara la C halipiti tena kwenye O, na D inachora tao la duara lenye nusukipenyo cha takriban mita 10. Kwenye nusu mita ya mchoro, ncha zinakimbilia upande wa O kwa kama milimita 3. QC ikiwa fupi kuliko OQ, ncha zinakimbilia upande wa pili. Ukilijua hilo unaweza kulitumia kwa makusudi, kuchora tao la duara ambalo kituo chake kiko nje ya ukuta wa darasa.

Mchoro ukiwa umenyooka katikati na kutetema kwenye ncha, viungo vinacheza. Kwa kuwa zao ni 400, kosa dogo la C hukuzwa linapofika D: karibu mara moja na nusu katikati ya mstari, na mara tatu kwenye ncha. Ndiyo maana ncha huugua kwanza. Kaza C kabla ya vyengine vyote.

Mchoro ukiwa mnyoofu lakini umeinama, hakuna ubaya: Q haikuwa mlalo kamili na O. Nusu ya juu ya mchoro ikitoka tofauti na nusu ya chini, huenda pau za 15 hazilingani. Zifungue, zipange kwenye bolti mbili uone ni ipi inayokataa kuingia.

Darasani

Bandika karatasi, uzi mwembamba uvutwe kati ya pini mbili, na kila mwanafunzi aseme D itapita wapi kabla hujaigusa. Wengi watachagua tao, kwa sababu kila kitu wanachokiona kinazunguka. Acha dhana zao zibaki ubaoni. Kisha mmoja wao, si mwalimu, aizungushe C. Pau za urefu mmoja zipakwe rangi moja, 25 kijani na 15 nyekundu kwa mfano, ili aliyekaa nyuma aweze kufuata uthibitisho bila kuona herufi.

Modeli ihifadhiwe imelazwa, isitundikwe, na tone la mafuta ya cherehani kwenye kila bolti kabla ya masika.

Ukitaka kuendelea

Mwaka 1874 Harry Hart, mwanahisabati Mwingereza, aliipunguza kazi ya Peaucellier ikawa pau 5, na pau ulizonazo zinatosha isipokuwa moja fupi ya kukata upya. Chukua mbili za 25 na mbili za 15, uziunganishe kwa zamu, ndefu na fupi, kisha uzikunje mpaka zile ndefu zikatane. Toboa matundu mapya katikati kabisa: 12.5 kwenye kila ndefu, 7.5 kwenye moja fupi. Tundu la fupi ndilo O, lifunge kwenye ubao. Kwenye tundu la katikati la ndefu moja funga upau mpya wa sentimita 4, ambao egemeo lake liko sentimita 4 kutoka O, nalo ulipate kwa kutumia upau wenyewe kama ulivyofanya mwanzo. Penseli ikae katikati ya ndefu ya pili. Zao sasa ni robo ya 400, yaani 100, na mstari utasimama sentimita 12.5 kutoka O. Pau mbili ndefu ziwe matabaka tofauti, la chini kabisa na la juu kabisa, na fupi zikae katikati yao. Upau wa 4 uende chini ya zote.